Mliogawia wakimbizi chakula wakati wa korona: si mngetuma pesa tu?

#1 Hesabu Kali
Wakuu, najua nitarushiwa mawe lakini acha niulize. Mwaka 2020 Islii (Eastleigh ya Nairobi) ilipofungwa, nilichangia kikundi cha mtaani kwetu kilichokuwa kinanunua unga, mchele, mafuta na sukari na kuwapelekea wakimbizi. Nia njema, sikatai. Juzi nimekutana na daftari la michango nikapiga hesabu: pikapu ya kukodi, petroli, mifuko, wapagazi, chai ya huyu na yule. Safari ilikula hela nyingi mno. Na hii ni Kenya, ambako muuza sukuma wiki anapokea M-Pesa, tena wakati ule ada ya kutuma ilikuwa imeondolewa. Kwa nini tulibeba magunia? Mimi nasema ilikuwa kwa ajili ya picha. Anayepinga aje na hoja, si matusi.

#2 MamaWaGithurai
Picha zipi? Sisi tuliowagawia Wakongomani wa Githurai na Kasarani hatukupiga hata moja, akina mama wenyewe walikataa. Ila hoja unayoitaka ni hii: kupokea M-Pesa kunahitaji laini, na laini inahitaji kitambulisho. Kitambulisho cha mkimbizi kimeisha muda, ofisi hazipokei watu kwa sababu ya korona, afanyeje? Wengi niliowajua walikuwa wanatumia laini ya jirani au ya mwenye nyumba. Hebu tuma pesa kwenye laini ya mwenye nyumba uone kama itamfikia mpangaji anayedaiwa miezi miwili.

#3 Jirani wa Mathare
Hiyo ya mwenye nyumba imeniua 😂
Halafu Hesabu Kali, ada haikuondolewa yote. Bure ilikuwa ni shilingi 1,000 kushuka chini. Ukituma 2,500 unakatwa kama kawaida.

#4 Hesabu Kali
Unatuma 1,000, halafu 1,000, halafu 500. Hoja yangu iko palepale.

#5 Jirani wa Mathare
Kumbe ndiye wewe uliyelipa mahari kwa vipande. Endeleeni wakubwa.

#6 Bwana Mkokoteni
Mimi nilikuwa ndani ya Islii, si mchangiaji wa kwenye simu, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Tarehe 6 Mei 2020 Waziri wa Afya Kagwe alitangaza kwamba Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa vinafungwa: hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15. Baadaye wakaongeza hadi 6 Juni. Tulikuwa katikati ya Ramadhani. Maduka ya nguo, mikahawa, maghala, vyote chini. Sasa fikiria Islii inakula nini: kuna mwenye ghorofa, halafu kuna aliyekuwa anambebea mwenye ghorofa mizigo, na mama aliyekuwa anamuuzia mbebaji chai. Hao wawili wa chini ndio wakimbizi wengi, Wasomali na Waoromo, na wanakula kilichopatikana leo. Kesho yake watu waliwasha matairi barabarani, mliona kwenye habari.

Mzigo ulikuwa unaingiaje? Mtu wa nje anaufikisha kwenye kizuizi, mtu wa ndani anaupokea na mkokoteni. Gari halivuki ila lenye kibali. Kafyu ni saa moja jioni, na magharibi ni saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo muda wa kufikisha futari mlangoni ni mfinyu sana. Ndiyo maana tuliacha chakula kilichopikwa tukageukia kikavu: mchele, baasto (tambi), unga wa ngano, mafuta, tende, maziwa ya unga.

Pesa? Zilikuwepo. Mtaa ule pesa haiishi. Lakini mama aliyeko ghorofa ya sita, dukani kwa jirani sukari imeshapanda, na soko la bei nafuu liko upande wa pili wa kizuizi, shilingi elfu mbili zake zinanunua nini? Sisi tulinunua kwa jumla nje, zikafika zimebeba uzito wake.

#7 Hesabu Kali
Hapo kwenye bei ya ndani nimekuelewa. Lakini hiyo ni Islii iliyozungushiwa polisi. Githurai haikufungwa, Kayole haikufungwa. Kule mlibeba magunia kwa nini?

#8 Mpita Njia
Kwa sababu raia wanapenda kuonekana. Ndiyo yaliyoleta maafa ya Mathare, watu wakakanyagana kugombea unga wa wakimbizi.

#9 Askari Mstaafu
Mpita Njia, pita polepole. Mkanyagano ulikuwa Kibera, kwenye ofisi za utawala, Ijumaa Kuu tarehe 10 Aprili 2020, na wale hawakuwa wakimbizi, ni wananchi wa Kibera waliosikia kuna chakula. Ni kweli kwamba baada ya pale serikali ilitaka misaada ipitie kwenye mikono yake badala ya kila msamaria kuja na lori lake. Ndipo mambo ya orodha kwa chifu yakazidi. Kwa hiyo mlioshangaa kwa nini mnazungushwa, chanzo mojawapo ni hicho.

#10 MamaWaGithurai
Ahsante Askari. Orodha! Hapo ndipo uzi huu ulipaswa kuanzia. Tatizo letu halikuwa unga wala usafiri. Tatizo lilikuwa: nani ana njaa na anakaa wapi? Mkimbizi wa mjini hayuko kwenye orodha yoyote ya chifu. Kwa sheria za wakati ule mahali pake ni kambini, Dadaab au Kakuma. Aliyeko Nairobi anahesabiwa kuwa anajitegemea. Na kwa mwezi wa nne na wa tano alijitegemea kwa kuuza vitenge mtaani ambako hakuna anayetembea!

Tulipewa orodha tatu na watu watatu tofauti. Familia moja ilikuwa kwenye zote tatu. Nyumba ya pili yake, mjane na wajukuu, haikuwa hata kwenye moja.

#11 Mdau wa Pumwani
Watengeneza orodha waliweka ndugu zao, ndiyo jibu fupi. Kila jamii ina "kiongozi" wake na kila kiongozi ana shemeji. Nimeona kwa macho.

#12 Bwana Mkokoteni
Mdau, shemeji wapo, sibishi. Ila kuna kitu kingine hamkitaji. Aprili 2014 kulikuwa na ile operesheni ya Usalama Watch. Polisi waligonga milango Islii usiku, watu wakabebwa kwa malori hadi uwanja wa Kasarani. Aliyepitia yale, ukigonga mlango wake umevaa barakoa, una kalamu na karatasi, unamuuliza "mko wangapi humu ndani, na majina yenu?", unategemea akujibu? Wengi walisema wako wawili kumbe wako tisa. Wengine hawakufungua kabisa. Kifurushi cha watu wawili kinaliwa na watu tisa, halafu sisi tunarudi kuandika ripoti kwamba tumefikia "kaya" kadhaa.

Dawa tuliyoipata: acha karatasi. Tulimtumia mwenye duka la chini ya jengo. Yule ana daftari la madeni, anajua nani kaacha kununua maziwa tangu wiki iliyopita. Hakuna takwimu bora kuliko ile.

#13 Mdau wa Pumwani
Na mwenye duka hana shemeji?

#14 Bwana Mkokoteni
Anaye. Lakini shemeji yake keshakopa tayari 😀

#15 Kivu ni Kwetu
Bandugu, mimi niko Kampala, upande wa Katwe. Kwetu mambo ilikuwa ingine. Serikali ilianza kugawa chakula mwezi wa ine 2020, bakaanzia Bwaise: kilo 6 za unga na kilo 3 za maharagi kwa kila mutu. Tukasikia kwa redio, tukafurahi. Mwenyekiti mumoja wa mutaa akapita mulango kwa mulango. Kufika kwetu anauliza kitambulisho ya taifa. Hatuna, tuko na karatasi ya ukimbizi. Akapita. Batoto banaangalia gunia inapita kwa dirisha.

Na mutu akitaka kutusaidia yeye mwenyewe, anaogopa. Raisi alisema kwa televizyo: atakayegawa chakula na kukusanya batu, atashitakiwa kujaribu kuua. Sasa nani atakuja?

#16 Mtulivu wa Nsambya
Kivu kasema kweli, naongeza upande wa mgawaji. Uganda pesa au unga haikuwa mjadala, mjadala ulikuwa kufika. Mwisho wa Machi magari binafsi yalipigwa marufuku, bodaboda ikabaki ya mizigo tu, abiria hapana, na mwisho saa nane mchana. Ukitaka gari litembee unaomba ruhusa ya RDC. Mbunge Zaake wa Mityana alikamatwa Aprili kwa kuwapa watu wake chakula. Kama mbunge anakamatwa, mimi ni nani?

Tulichofanya: gunia linapanda boda peke yake. Mzigo unaruhusiwa, mimi siruhusiwi. Namlipa bodaboda, nampigia anayepokea, natembea kwa miguu nyuma kama naenda dukani. Gunia moja nyumba moja, hakuna foleni, hakuna kukusanya watu. YARID, ambalo ni shirika lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe, nalo liligawa chakula Kampala, na makanisa ya mitaani vilevile yakafanya kimyakimya. Wakubwa wenye magari meupe tuliwaona baadaye.

#17 Jirani wa Mathare
Ruhusa ya RDC? Nikadhani RDC ni Kongo, ulituma mtu Kinshasa kuomba ruhusa.

#18 Mtulivu wa Nsambya
😂 Kamishna mkaazi wa wilaya, ndugu. Ingawa kuna siku naona Kinshasa kungekuwa karibu zaidi.

#19 Hesabu Kali
Swali kwa Kivu na Mtulivu: kwa nini watu hawakurudi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali ambako chakula kilikuwa kinatolewa?

#20 Kivu ni Kwetu
Na nini, ndugu? Basi hakuna, taksi hakuna. Na kule kambini WFP, shirika ya chakula ya Umoja wa Mataifa, ilikuwa imekata chakula asilimia 30 kuanzia ule mwezi wa ine, juu pesa ya bafadhili haikutosha. Dada yangu wa Nakivale ndiye alikuwa ananipigia mimi simu kuomba.

#21 Kijana wa Kasulu
Huku Kigoma tunawasoma tu. Tanzania shule zilifungwa lakini mitaa haikufungwa, na mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta hakutakiwa kutoka kambini hata bila korona. Unga, mbaazi za kupasuliwa, mafuta na chumvi vilitoka kwa WFP, na masoko ya pamoja na wenyeji yalikuwa yameshafungwa kabla hata ya ugonjwa. Kwa hiyo habari ya raia kujitolea kupeleka chakula huku haikuwepo sana, utapitia wapi? Nawaonea wivu kwa kubishana.

#22 Nuru wa Kibokoni
Na sisi wa Mji wa Kale mmetutaja mstari mmoja tukapita! Tulifungwa siku ileile na Islii. Hatuna wakimbizi wengi, lakini cha kusema kimoja ninacho. Kwetu ilikuwa sahani. Ramadhani jirani kumpelekea jirani sahani ni ada, korona au si korona. Basi aliyekuwa hana aliweza kupokea bila aibu, kwa sababu hata aliyenacho anapokea. Mkimbizi ameletewa mfuko wenye nembo kubwa ya mfadhili, mtaa mzima unajua huyu ni wa kuletewa. Msipige hesabu ya petroli tu, pigeni na hiyo.

#23 MamaWaGithurai
Nuru umenigusa. Nembo tulizikataa kwa sababu nyingine vilevile: majirani Wakenya. Ploti moja, choo kimoja, bomba moja, wote hawajala. Unapita mlango wa Mkenya mwenye njaa unaingia kwa Mkongomani na mafuta lita mbili. Unaondoka, jioni yule mama anaambiwa "nyinyi mnaletewa, sisi tuliozaliwa hapa tunaangalia". Baada ya hapo tulikuwa tunagawa ploti nzima au hatuingii. Wafadhili wetu wakalalamika kwamba pesa ni za wakimbizi. Nikawaambia basi njooni mlale nao nyinyi.

#24 Shemeji wa Minneapolis
Mnabishana pesa na unga kana kwamba ni nyinyi mliolisha Islii. Samahani, hamkuwalisha. Tuliwalisha sisi wa nje kwa hawala, kila mwezi, kabla ya korona na wakati wa korona. Nilikuwa dereva wa teksi hapa, kazi ikafa mwezi wa tatu, na bado nilituma, pungufu lakini nilituma. Hakuna aliyenipiga picha wala kuniita mjitoleaji.

#25 Bwana Mkokoteni
Shemeji, ni kweli tupu kwa wenye ndugu nje. Na hata vile vikundi vya akina mama vya kuchangishana, ayuuto, viliokoa wengi. Lakini Muoromo aliyefika 2018 peke yake hana mtu Minneapolis. Yule ndiye tuliyekuwa tunamtafuta ghorofani.

#26 Shemeji wa Minneapolis
Sawa, lakini idadi yenu na idadi yetu hazilingani.

#27 Bwana Mkokoteni
Lete zako, nilete zangu, tutajikuta wote hatuna.

#28 Msimamizi
Wadau, shukrani kwa mjadala. Tusiulizane makabila kwenye uzi huu, nimefuta posti mbili.

#29 Hesabu Kali
Kuna kitu hakijajibiwa. Mimi binafsi nilimpelekea mama mmoja wa Kayole kifurushi, na kesho yake nikasikia ameuza unga wote na mafuta. Wenzangu wakakasirika, wakataka atolewe kwenye orodha. Mimi nikauliza, ameuza kwa nini? Kodi! Mwenye nyumba alikuwa ametishia kung'oa mlango. Ameuza unga wa shilingi mia kwa shilingi sabini ili apate kodi. Hiyo thelathini imepotea kwa sababu sisi tulijifanya tunajua anachohitaji. Ningempa pesa angelipa kodi yote na kubakiwa na ya dagaa.

#30 MamaWaGithurai
Hapo nakupa. Mwezi wa tano chakula kilianza kurundikana kwa waliokuwa kwenye orodha, kodi hakuna aliyetaka kuisikia. Kodi haipigiki picha 😏

#31 Askari Mstaafu
Mkimpa pesa atampa mwenye nyumba, watoto walale njaa wakiwa na mlango. Mkimpa unga watashiba bila mlango. Sioni mshindi.

#32 Kakuma Moja
Nimechelewa, intaneti ya huku mnaijua. Sisi wakati ule tulikuwa na mfano wa katikati: Bamba Chakula, ulioanza 2015. Si pesa, si gunia. Salio lilikuwa linaingia kwenye laini ya simu, unanunua chakula kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa na WFP tu. Hukuweza kutoa pesa taslimu. Hesabu Kali angelipenda. Lakini ungekuja uone maisha yake: mtu alikuwa na deni dukani, mwenye duka anashika laini na namba ya siri hadi mwezi ukiingia. Salio likifika, limeshaliwa. Kwa hiyo ule ujanja wa daftari la duka aliousifu Mkokoteni hapo #12, huku ndio uliokuwa kitanzi.

Aprili 2020 walipozuia watu kuingia na kutoka Kakuma na Dadaab, aliyetujazia pengo si mtu wa nje, maana wa nje hawakuweza kuingia. Ni vijana wa humuhumu kambini, wakibebea wazee na wagonjwa mgao wao kwa baiskeli kutoka kituo cha kugawia. Hakuna aliyewachangia.

#33 Mpita Njia
Baiskeli zilikuwa za nani?

#34 Kakuma Moja
Za boda wa baiskeli, abiria walikuwa hawapo. Wengine walichukua kikombe cha mahindi kama nauli. Unaweza kusema si kujitolea, mimi nasema naye ana watoto.

#35 Mdau wa Pumwani
Kikombe leo, kesho debe. Ndiyo yaleyale ya shemeji.

#36 Kakuma Moja
Mzee wa miaka sabini ukimwambia abebe mgao wake mwenyewe juani, atakupa vikombe viwili bila kuombwa.

#37 Jirani wa Mathare
Tukirudi kwenye magunia: nani alikuwa anachagua vyakula? Maana kuna kikundi kiliwapa Wahabeshi maharage ya makopo na sembe. Jirani yangu alinipa yote bure, nikala mwezi mzima. Sijui nimshukuru nani.

#38 Kivu ni Kwetu
Siye banatupatia unga ya mahindi kila siku. Sibishi, tulikula. Lakini mutu wa Bukavu anataka fufu ya muhogo na sombe (kisamvu). Mara moja mama pasta alileta unga ya muhogo kilo mbili mbili. Batu balimuombea huyo mama kuliko bafadhili bote.

#39 MamaWaGithurai
Tuliujaribu Kasarani ila ulikuwa ghali mara mbili ya sembe, tena wa kutafuta. Tukapiga kura kati ya kaya nyingi kwa sembe au chache kwa muhogo. Sembe ikashinda kwa kura moja, na nadhani ni kwa sababu hakukuwa na Mkongomani kwenye kikao.

#40 Hesabu Kali
Ungetuma pesa angenunua muhogo mwenyewe. Nasema tu.

#41 MamaWaGithurai
Kwa laini ya nani? Rudi #2.

#42 Mpita Njia
Kwani unga wa muhogo siku hizi Kayole unapatikana duka gani? Mke wangu ni wa Uvira na nimechoka kuagiza kwa basi.